Mama, Nimeua Watu Wengi

Mwezi huu tunaweka kando lishe na chanjo, tuzungumze jambo lililotukuta nyumbani kwetu wenyewe hapa Moshi. Si la kujisifia, na baba watoto alituuliza mara mbili kama kweli tunataka liandikwe.

Kijana wetu wa pili, wakati huo ana miaka 10 na yuko darasa la nne, alianza kushtuka usiku. Analala vizuri saa tatu, ikikaribia alfajiri anaamka analia, jasho linamtoka, na ukimwuliza ameota nini anageukia ukutani. Kwa kuwa kazi yetu ni uuguzi, wazo la kwanza lilikuwa homa. Tukampima malaria, hana. Choo kikapimwa, hana minyoo. Usiku wa nne tukauacha uuguzi, tukasimama juu ya kitanda chake na kukemea kwa sauti kubwa mpaka jirani akagonga ukuta. Mtoto alitutazama tu, blanketi limefika puani. Leo twajua kwamba usiku ule alituogopa sisi kuliko ndoto yake.

Siku mbili baadaye mama mmoja wa jumuiya yetu akatunong'oneza kwamba kijana huonekana kwenye kibanda cha gemu nyuma ya soko, kila akitoka shule. Vibanda hivi mnavijua: chumba cha mabati, televisheni mbili tatu, benchi, na watoto wamebanana kama wako kwenye daladala, kila mmoja na shilingi zake 500 mkononi. Tulikwenda tukamtoa mbele ya wenzake. Nyumbani tukamrudi kwa fimbo, na baba yake alipofika jioni akaongeza ya kwake ya maneno. Tukaona kazi imekwisha.

Ndoto hazikwisha. Kilichokwisha ni maneno yake. Kwa muda wa majuma mawili tulikuwa na mtoto anayeitikia "ndiyo mama" na "hapana mama", basi.

Lililofungua kinywa chake lilikuwa ndizi. Jumamosi moja tulikuwa tunamenya ndizi za mtori, sisi na yeye peke yetu jikoni, hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Akasema, bila kuinua kichwa:

"Mama, ile amri ya kuua, mtu akiivunja anasamehewa?"

"Kwa nini unauliza hivyo, baba?"

"Mimi nimeua watu wengi."

Kisu kilisimama chenyewe. Akaeleza kidogo kidogo. Vijana wakubwa walimpa ile rimoti ya kuchezea (wao huiita pedi, nasi tulipoisikia mara ya kwanza tulifikiria kitu kingine kabisa), wakamwambia aibe gari na kugonga watu walio kando ya barabara. Akagonga. Mmoja wao alikuwa bibi kizee anayetembea pole pole. Wale vijana wakacheka, naye akacheka.

"Nilicheka, mama. Na alikuwa anatembea kama bibi."

Akina mama, majibu mawili yalitufika mdomoni kwa wakati mmoja. La kwanza: "Acha ujinga, hiyo ni gemu tu, hakuna aliyekufa." La pili: "Umeona sasa? Piga magoti utubu." Kila mama aliye kanisani anayo majibu haya mawili, na tunadhani yanapingana. Kwa mtoto yanafanya kazi moja, nayo ni kumnyamazisha. La kwanza linamwambia kwamba anachosikia moyoni ni upuuzi. La pili linampa hukumu kabla hajamaliza kueleza.

Kilichotuokoa siku ile ni somo tulilolifundisha shule ya Jumapili kila Pasaka bila kulisikia vizuri sisi wenyewe. Katika Luka sura ya 24, wale wanafunzi wawili wako njiani kwenda Emau, wamenuna. Bwana anajiunga nao. Yeye ndiye aliyesulubiwa, anajua habari yote kuliko wao, lakini anawauliza wanazungumza nini, na wanapojibu anawauliza tena, kisha anawaacha waeleze mpaka mwisho, pamoja na matumaini yao yaliyovunjika. Baada ya hapo ndipo anapowafungulia Maandiko. Basi tukaendelea kumenya na kuuliza neno moja tu: "Halafu?" Mtori ulichelewa sana siku hiyo.

Kwa habari ya amri yenyewe, jioni tulichukua Katekisimo Ndogo. Kwetu Walutheri ni amri ya tano, kwa wenzetu wa madhehebu mengine ni ya sita, lakini ni ile ile. Luther alipoieleza mwaka 1529 hakuishia kwenye kutotoa roho ya mtu. Alisema pia kwamba tusimdhuru jirani mwilini mwake, bali tumsaidie na kumfaa katika kila shida. Tukamwambia kijana: yule bibi wa kwenye gemu si mtu, ni picha iliyochorwa, hukumwua mtu yeyote na Mungu hakuhesabii damu yake. Alipumua kwa nguvu. Lakini hakuridhika, kwa sababu lililokuwa likimsumbua hasa halikuwa kugonga. Lilikuwa kicheko. Hapo hatukumdanganya. Tukamwambia kwamba moyo wake ulijua kuwa bibi kizee hachekwi akianguka, na moyo huo alipewa na Mungu. Kama anataka kumwambia Mungu habari ya kile kicheko, amwambie kwa maneno yake mwenyewe. Aliomba kwa sauti ndogo, sentensi mbili. Hatukumsahihisha wala hatukuongeza amina ndefu.

Juma lililofuata tulifanya jambo ambalo wengine wenu mtalishangaa. Tulimwomba mpwa wetu mwenye kompyuta atuonyeshe gemu ile. Inaitwa Grand Theft Auto: San Andreas, ilitoka mwaka 2004, na mpaka leo inachezwa vibandani kwa sababu inakubali mashine za zamani. Tulikaa kwenye kiti cha plastiki saa moja nzima tukitazama. Hatukuipenda. Lugha ni chafu, wanawake wanatumiwa vibaya, na mchezaji anaweza kupiga mtu yeyote apitaye. Lakini tuliona pia kwa nini mtoto anaitamani: mji mzima uko mbele yake, anakwenda anakotaka, hakuna anayemwambia akaoge.

Kuna jambo moja lililotugusa kwa sababu ya kazi yetu. Mchezaji akiuawa katika gemu hii, haonekani akizikwa. Kioo kinafifia, kisha anatokea nje ya hospitali, mzima, amesimama kwa miguu yake. Amepungukiwa pesa kidogo na silaha, basi. Tulicheka kwa uchungu. Zaidi ya miaka 20 tumefanya kazi wodini, na waliotoka kwa mlango ule namna hiyo hatujawaona. Tumefumba macho ya watu kwa vidole vyetu. Tumekaa na ndugu ambao hawajui waanze kumpigia nani simu.

Basi ni hapo tulipoona pengo. Mtoto wetu alikuwa ameona vifo vingi sana kibandani, lakini hakuna mtu aliyezungumza naye habari ya kifo. Babu yake alipozikwa kihambani Machame, yeye alikuwa na miaka minne, tukampeleka kwa jirani asije akasumbua. Tulimwambia babu amesafiri! Jumapili ile tukamweleza ilivyokuwa: jinsi babu alivyoumwa, alivyolala, jinsi wanaume walivyochimba kaburi usiku, watu walivyotupa udongo, na mashada ya maua. Aliuliza maswali ambayo mtu mzima angeona haya kuyauliza. Je, babu alisikia baridi? Kwa nini hakurudi? Likizo ya Desemba tukaenda naye kaburini akaling'olea majani.

Swali la kwa nini hakurudi ndilo lililotupeleka mbali zaidi, na hapa tunawaomba walimu wa shule ya Jumapili watege sikio. Katika darasa letu mtoto mwingine aliwahi kusema, tulipofundisha habari ya Pasaka, kwamba Yesu alirudi "kama kwenye gemu, alikuwa na maisha mengine". Mwalimu mwenzetu alimkaripia kwa kulifanyia jina la Bwana mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa amesikia habari kubwa akaitafutia kitu cha kufananisha katika maisha yake, na alichonacho ni gemu. Watoto wa zamani walifananisha na mbegu kwa kuwa walilima.

Mtoto akisema hivyo, mwombe aendelee: katika gemu mchezaji anarudije? Atakuambia anarudi kama alivyokuwa, hana alama. Halafu msomee habari ya Tomaso katika Yohana sura ya 20. Bwana aliyefufuka alirudi na makovu, akayaonyesha, akakubali hata yaguswe. Anayerudi bila kovu ni kama hakufa kabisa, hakuna alichotoa. Tulipomwuliza kijana wetu ni nani kati ya hao wawili angependa amshike mkono babu, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Yule mwenye makovu, maana anajua inauma." Sisi tumesikia mahubiri mengi ya Pasaka, na hatukumbuki lililosema vizuri zaidi.

Sasa msituelewe vibaya. Kusikiliza si kuruhusu kila kitu. Gemu ile ilipangiwa umri wa miaka 18 Ulaya, na Marekani miaka 17, na mtoto wa miaka 10 hana kazi nayo. Tulimkataza, na safari hii alikubali, kwa sababu sababu zenyewe alizitaja yeye. Huko Marekani akina mama walipiga kelele mapema. Mwaka 1993 Baraza la Seneti lilisikiliza malalamiko juu ya gemu za kikatili kama Mortal Kombat, na mwaka uliofuata ukaanzishwa utaratibu wa kuandika umri kwenye maboksi. Ulaya wana namba zao tangu 2003: 3, 7, 12, 16 na 18. Kwenye vibanda vyetu boksi halipo, ni nakala tu iliyonakiliwa, kwa hiyo uliza jina la gemu kisha tafuta umri wake. Kwenye simu ni rahisi zaidi: ukifungua Play Store, umri umeandikwa kwenye ukurasa wa gemu yenyewe. Ni jambo la dakika moja.

Wengine mmetuuliza kama gemu za kupigana humfanya mtoto awe muuaji. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilipitia tafiti na kutoa tamko mwaka 2020: upo uhusiano mdogo kati ya gemu za kikatili na ukali kama kufoka na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kusema kwamba ndizo zinazoleta mauaji. Kwa hiyo mama usikeshe ukiwaza kwamba umezaa jambazi. Na usipuuze kufoka pia, maana nyumba huharibika kwa hayo hayo madogo.

Kuhusu usiku. Ndoto mbaya huja zaidi kuelekea alfajiri, na mtoto huikumbuka. Huyo anahitaji kukumbatiwa, taa ndogo, maji ya kunywa, na mazungumzo asubuhi. Ipo hali nyingine, ya mtoto kupiga kelele mapema usiku akiwa bado usingizini, na kesho hakumbuki kitu. Huyo usimtikise wala usimkemee, mlinde tu asijiumize mpaka atulie. Vyote viwili huzidi mtoto asipolala vya kutosha, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Saa nzima kabla ya kulala pasiwe na gemu wala simu. Tukumbuke Eliya chini ya mti katika 1 Wafalme 19: alikata tamaa kabisa, na malaika hakuanza kwa mafundisho. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Mara nyingi mtoto anayelia kwa sababu ya gemu saa nne usiku anahitaji wali na kitanda kwanza. Maombi yapo, na yatasikika vizuri zaidi asubuhi.

Yapo mambo ambayo mazungumzo ya jikoni hayatoshi. Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa wa kutawaliwa na gemu katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Si kila mtoto apendaye gemu anao. Dalili ni kwamba hawezi tena kujizuia, gemu imepita chakula, shule na marafiki, na anaendelea hata inapomharibia, na hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Huyo mlete hospitali, msione haya. Mtoto mwenye ugonjwa haponi kwa kutengwa na kwaya.

La pili ni wageni. Gemu nyingi za simu huwaunganisha watoto na watu wasiowajua, na wanazungumza nao moja kwa moja. Mgeni akianza kuomba picha, au kumtaka mtoto afiche siri, usifute kitu chochote kwenye simu. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ambayo haitozwi. Na kabla ya yote mwambie mtoto kwamba hujamkasirikia. Akisikia hasira, ataficha ya pili na ya tatu.

La tatu ni fedha. Baadhi ya gemu huuza sanduku lililofungwa: unalipa kwanza, ndipo ujue umepata nini. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilisema wazi kwamba masanduku ya namna hiyo ni kamari. Namba ya siri ya pesa zako za simu isijulikane na mtoto, hata yule mpole kabisa anayekusaidia kutuma pesa kwa bibi.

Nyumbani kwetu kijana sasa anacheza gemu ya mpira, Jumamosi, saa moja na nusu, sebuleni mlango ukiwa wazi. Kibanda tulikwenda kuzungumza na mwenyewe, naye amekubali kutowaingiza watoto wenye sare za shule, ingawa tunasikia kwamba wengine hubeba fulana kwenye begi. Ndoto ziliisha mwezi wa tatu. Na yeye tulimwomba radhi kwa ile fimbo. Haikuwa rahisi, na baba yake bado anaona tulizidisha.

Mmoja hatujamfikia. Kaka yake ana miaka 16, anacheza kwenye simu usiku na wenzake, tunamsikia akicheka na wakati mwingine akitukana kwa sauti ya chini. Tukimwuliza anasema, "Hakuna kitu, mama." Huyu ndiye aliyeona mdogo wake akitolewa kibandani mbele ya watu, na ameweka akilini. Hatumlazimishi. Simu tunaikusanya saa nne, hilo halina mjadala. Jumamosi tunamwita aje kumenya ndizi. Mara mbili amekataa. Jumamosi iliyopita alikuja, akakaa, akamenya nusu ya beseni bila kusema neno, akanawa mikono akaenda zake.

Walio na vijana wa umri huo na wameona njia, tuandikieni kupitia kwa mhariri.